Sahani ya Elfu Tatu

Mimi ni katibu wa chama, na katibu anapoandika kumbukumbu hatakiwi kuwa na njaa wala hasira. Ndiyo maana kumbukumbu zetu za Desemba zina mstari mmoja tu kuhusu jambo lililotugawanya: "Ajenda ya 3. Safari ya Tsavo. Chakula hakikuridhisha." Maneno hayo mawili ya mwisho yalikula mikutano miwili, mmoja Kawangware na mwingine Kibera, na hayasemi hata robo ya yaliyosemwa. Hapa nayaanika yaliyobaki, isipokuwa jina la mkahawa.

Kwanza safari yenyewe. Tuko 22: 12 wa Kawangware, 10 wa Kibera. Mwaka mzima kila mmoja aliweka shilingi 200 kwa wiki, kando ya mchango wa kawaida. Siku ilipofika tulikodi matatu ya viti 25, tukaondoka saa kumi za usiku, jua likatukuta Emali, tukaingia Tsavo Magharibi kwa lango la Mtito Andei. Wanyama hawakutuangusha. Tuliona ndovu wekundu kwa vumbi. Kule Mzima tukaona viboko ndani ya maji maangavu yanayotoka chini ya mawe ya Chyulu, maji ambayo bomba huyapeleka mpaka Mombasa. Saa saba tukafika mkahawani, ambako tulikuwa tumelipa mapema shilingi 3,000 kila kichwa. Mlangoni palikuwa na kibao: Chakula cha nje hakiruhusiwi.

Foleni ilianza na supu. Ilikuwa na rangi ya malenge na ladha ya maji yaliyopita karibu na malenge. Wali ulitoka ukiwa na umbo la upawa. Kuku alikuwa amekauka hadi nyuzi zake zikaingia katikati ya meno, zikakaa huko mpaka Sultan Hamud. Mboga zilikuwa karoti na mishiri, zimechemshwa tu, hazijui kitunguu. Na mwisho wa meza, chini ya kifuniko kinachong'aa, ugali: umekatwa vipande vya mraba, kila kimoja kama kiberiti, umepoa, umeota ngozi. Mtu mzima akichukua vinne anajiona mlafi. Akivila, njaa iko pale pale.

Kikao cha kwanza: Kawangware

Tulikutana kwa Mama Chapo, mwenzetu chamani, hatua chache kutoka steji ya 46. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Yeye alikuwa anasukuma chapati tukizungumza: donge linapakwa mafuta, linakunjwa kama konokono, linaachwa lipumzike, kisha linasukumwa tena. Mjadala wote ulikwenda kwa mdundo wa mti wake wa kusukumia.

FUNDI (anachomelea vyuma, Kibera): Mimi nasema tuliibiwa. Tuliibiwa kwa heshima, kwa kitambaa cha meza na uma mbili mbili, lakini tuliibiwa. Hapa kwa Mama, chapo mbili na madondo ni shilingi 80. Pigeni hesabu.

SHEFU (mpishi, zamani wa mbugani, sasa wa Gatina): Nimepiga. Ni sahani 37 na chenji ya chai. Lakini Fundi, hesabu yako imeruka barabara. Nimepika kwenye majiko ya mbugani miaka tisa. Gari la vyakula linakuja mara mbili kwa wiki. Ukisahau ndimu Jumanne, utaiona Ijumaa. Stima ni ya jua na jenereta, na jenereta inazimwa mchana kuokoa dizeli, friji inabaki inapumua tu. Msimu wa mvua, Aprili na Mei, unapikia wageni wanne kwenye ukumbi wa watu mia, na mishahara ni ile ile. Mama akikosa kitunguu hapa anafanya nini? Anatuma mtoto dukani.

MAMA CHAPO: Simtumi mtu. Napaaza sauti, mama mboga wa ng'ambo ananirushia, nitamlipa jioni.

SHEFU: Sawa. Sasa kule, ukipaaza sauti, anayekuitikia ni nyani.

(Hapa tulicheka, na nadhani Shefu alidhani ameshinda.)

MWALIMU (wa shule ya msingi, Kawangware): Shefu, umesema kwamba ni mbali. Naomba kuuliza, mbali na wapi? Tulipokuwa njiani, pale Emali na Kibwezi, si tulipita marundo ya machungwa ya Makueni? Halafu tukaenda kuketi mezani tukapewa juisi ya pakiti. Loitokitok iko nyuma ya vile vilima vya Chyulu, na nyanya na vitunguu vyake ndivyo vinavyojaza malori yanayoingia Nairobi. Taveta iko ubavuni mwa mbuga yenyewe, na nani hapa hajala ndizi ya Taveta? Ukambani kuna ndengu, mbaazi, muthokoi, kuku wa kienyeji. Mahali pale si mbali na chakula. Ni mbali na Nairobi tu.

SHEFU: Mwalimu, hapo umenigusa. Kwetu, ofisi ya manunuzi ilikuwa Nairobi. Nyanya inatoka Loitokitok, inalala sokoni Wakulima, gari letu linaichukua, linairudisha kilomita zaidi ya 200. Ikifika kwangu imeona dunia kuliko mimi.

FUNDI: Na nyinyi wapishi mnanyamaza?

SHEFU: Menyu haiandikwi na mpishi, ndugu yangu. Inaandikwa na mtu anayeogopa. Mgeni mmoja wa kutoka nje akiharisha, kampuni iliyomleta inahamisha wageni wake wote kwenda hoteli nyingine. Kwa hiyo unaambiwa punguza pilipili, punguza kitunguu saumu, chumvi watajiwekea, chemsha kila kitu mpaka kiombe msamaha. Unapika chakula kisichomuudhi mtu yeyote.

MAMA CHAPO: Na hakimfurahishi yeyote.

SHEFU: Na hakimfurahishi yeyote.

MAMA CHAPO: Sasa mimi niseme langu, kisha niwaache. Hapa nikikosea leo, kesho watu wa mjengo wanavuka barabara wanaenda kwa jirani. Sihitaji barua. Naona benchi iko wazi, najua maharagwe yalikuwa magumu. Mteja wangu anarudi kesho na kesho kutwa, na huyo wa kesho ndiye ananifanya niamke saa kumi kuloweka na kuchagua mawe. Yule wa mbugani anakula mara moja, anaenda kwao. Kupika vibaya kule hakuna gharama. Ni hiyo tu. Mambo ya jenereta mtajua nyinyi.

Nilipoandika maneno hayo niliyapigia mstari, nikadhani mjadala umekwisha. Lakini Mama hakuwa amemaliza. Alikuwa na deni la Agosti, tulipopigia kura chakula cha safari.

MAMA CHAPO: Na tusijifanye tumesahau. Nilisema tubebe chapo na ndengu kwenye hotpot. Katibu, soma kura.

MIMI: Waliotaka kubeba chakula, 5. Waliokataa, 17.

MAMA CHAPO: Na nani alisema hatuwezi kwenda kutazama ndovu gari likinuka chapo?

(Fundi aliangalia mvua.)

DERE (aliyetuendesha): Mama yuko sawa, ingewezekana. Kuna sehemu za pikiniki zimetengwa, mnatandika leso mnakula. Kitu kisichoruhusiwa ni zile chupa za maji za kutumia mara moja na sahani za plastiki za kutupa, tangu Juni 5, 2020. Hotpot na chupa ya chuma hakuna anayekuuliza.

FUNDI: Nilisema hivyo, ndiyo. Nitawaambia kwa nini. Mama yangu alipika na kuosha vyombo kwenye nyumba za watu kule Karen mpaka mikono ikapasuka. Alijua kupanga uma za watu saba. Hakuwahi kuketi mezani pale hata siku moja, isipokuwa kufuta. Mimi nilitaka siku moja niketi, mtu aje aniulize, mzee, nikuletee nini? Hiyo ndiyo pesa niliyokuwa nalipa. Kama ni tumbo tu, tumbo hata kwa Mama Chapo linajaa. Kwa hiyo msiniambie ningebeba hotpot. Ningeketi chini ya mti nikala chapo ninayoila kila siku, ndovu ananitazama, mimi namtazama. Hilo nalo ni sawa. Lakini sicho nilichowekea shilingi 200 kwa mwaka mzima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Hata mti wa kusukumia ulisimama.

MWALIMU: Basi Fundi ana haki, tena iliyoandikwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46: mtumiaji wa bidhaa na huduma anastahili zenye ubora unaofaa. Hakuna mahali imesema "isipokuwa mbugani", wala "isipokuwa mlaji akiwa ametoka Kibera". Tulilipa shilingi 66,000, sisi 22. Kutaka kiti na kutaka chakula kizuri si mambo mawili ya kuchagua moja. Vyote vilikuwa kwenye bei.

Mvua ikapungua. Mwenyekiti akaahirisha. Kila mtu alilipia chapo zake, na Mama akahesabu pesa bila kutabasamu, kama mtu aliyeshinda kesi lakini hajalipwa.

Kikao cha pili: Kibera

Januari tulikuwa Makina, kwa mama wa mwanachama wetu mmoja, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo. Sisi sote tunamwita Bibi. Yeye hakwenda Tsavo, lakini hadithi ilikuwa imemfikia. Alitukaribisha kwa sinia ya gurusa, zile chapati zao nyembamba laini, na bakuli kubwa la mchuzi. Tulikuwa hatujafungua ajenda alipouliza.

BIBI: Nasikia mlienda mbugani mkalishwa vibaya. Mlitegemea nini? Hapa pia ni mbuga. Kibra kwa lugha yetu ni msitu. Wazee wetu waliokuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni, walipowekwa hapa palikuwa miti na wanyama. Sasa wanyama ni sisi. Kila wiki napitiwa na wageni wenye kamera, mwenye kuwaongoza yuko mbele, wanaangalia reli, wanaangalia mtaro, wanapiga picha paa. Kila mmoja ana chupa yake ya maji. Kwa muda wote niliokaa mlangoni hapa sijaona hata mmoja akiketi akala.

MWALIMU: Wanaogopa tumbo, Bibi.

BIBI: Na yule aliyewapikia nyinyi alikuwa anawapikia hao. Nyinyi mmeketi kwenye kiti cha mtu asiyekula.

SHEFU: Bibi, naomba niungame, maana tangu kile kikao cha Kawangware silali vizuri. Nilitetea umbali. Nilisema barabara, friji, gari la vyakula. Lakini kuna kitu sikusema.

FUNDI: Sema, Shefu.

SHEFU: Mwaka wa 2020, ndege za abiria kutoka nje zilipositishwa Machi, hoteli yetu ilifungwa. Baadaye ikafunguliwa nusu. Kati ya wapishi 18 tukabaki wanne. Wageni wa nje hawakuwepo, kwa hiyo tajiri akateremsha bei, akaanza kumtafuta Mkenya. Wakaja watu wa Machakos, wa Voi, wa hapa Nairobi, na watoto wao. Siku ya kwanza tukawawekea ile menyu ya zamani. Mama mmoja akasimama, akaingia jikoni, mpaka ndani, na sahani mkononi. Akaniambia, "Kijana, hii ni nini?" Mimi na kofia yangu ndefu! Nikamwambia ni ugali. Akasema, "Ugali hukatwa na mlaji."

MAMA CHAPO: Huyo ni mtu.

SHEFU: Kesho yake nilituma pikipiki kijijini nje ya lango. Ikaja na kuku wa kienyeji na ndengu na kunde mbichi. Ugali nikaupeleka mezani mzima, unatoa moshi. Miezi ile nilipika kuliko nilivyowahi kupika. Na barabara ilikuwa ile ile. Jenereta ile ile. Friji ile ile inayopumua. Tena tulikuwa wanne.

MWALIMU: Kisha?

SHEFU: Ndege zikarudi. Menyu ikarudi na ndege. Mimi nikarudi Kawangware.

(Dere alitaka kusema kitu, akaacha.)

SHEFU: Sasa mimi niwaulize. Mlikuwa 22. Mhudumu hakupita kuwauliza chakula kikoje?

Hapa lazima katibu aseme ukweli, maana nilikuwepo. Mhudumu alipita. Alikuwa kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mikono nyuma, na aliinama kidogo mbele ya kila meza. Aliuliza, "Chakula kiko aje?" Na sisi sote, Fundi na nyuzi za kuku kwenye meno, Mwalimu na Katiba yake, hata Mama Chapo ambaye tangu supu alikuwa amekunja uso, tulisema kwa sauti moja kama darasa: "Kiko sawa, asante." Kisha tukaanza kulalamika tulipofika kwenye gari, na tukaendelea kulalamika kwa kilomita zote zile mpaka Mlolongo.

SHEFU: Kwa hiyo jioni ile yule mpishi alipouliza, mhudumu alimwambia, wageni wamesema kiko sawa.

FUNDI: Mimi niliona haya. Kitambaa kile cheupe kilinifunga mdomo. Kwa Mama Chapo nikiona jiwe kwenye maharagwe napiga kelele steji yote isikie.

MAMA CHAPO: Unapiga. Najua.

FUNDI: Kule nilijiona kama mgeni aliyesaidiwa. Ukiwa umesaidiwa husemi chumvi haitoshi.

MWALIMU: Hapana, hapana, tusigeuze kesi. Mshtaki asigeuzwe mshtakiwa. Mtu aliyepokea shilingi 66,000 anapaswa kuonja supu yake mwenyewe kabla hajamuuliza mgeni. Aibu ya Fundi haikupika ule wali. Shefu, yule mama wa kuingia jikoni ni shujaa, nakubali, lakini haiwezekani mlaji mzuri awe ni shujaa tu. Watu wengi wataendelea kuona haya. Je, wale chakula kibaya kwa sababu ya adabu zao?

SHEFU: Sisemi wale. Nasema mpishi naye yuko gizani. Daftari la maoni ya wageni lilikuwa linapelekwa Nairobi, kule kule zinakotoka nyanya. Miaka tisa sikuwahi kulifungua.

MWALIMU: Basi kosa ni la aliyelipeleka Nairobi.

MAMA CHAPO: Mwalimu, sikiza. Mimi naonja. Kila sufuria naonja. Lakini ulimi wangu umeuzoea mkono wangu. Nikizidisha chumvi kidogo kidogo kwa mwezi mzima, ulimi wangu unafuata, sijui. Anayejua ni huyu Fundi na kelele zake. Bila yeye ningekuwa nauza bahari. Kwa hiyo wewe uko sawa, mwenye pesa aonje. Na Shefu yuko sawa, mlaji aseme. Lakini mtu aliyeweka ukuta kati ya sufuria na benchi, huyo ndiye nina neno naye.

Hakuna aliyeongeza. Mwenyekiti akaona ni wakati wa kura, akauliza la mwaka huu: tubebe chakula, au tulipe mezani? Waliotaka kubeba walikuwa 11. Waliotaka meza, 11. Mwenyekiti, ambaye ana kura ya kuamua, alisema yeye ni mtu wa amani. Tukakubaliana kugawanya siku: chapo na ndengu sehemu ya pikiniki asubuhi, na mchana meza yenye kitambaa, kwa ajili ya Fundi na kwa ajili ya mama yake. Meza hiyo itatafutwa na Dere, kwa sharti kwamba atauliza kwanza kama ugali unapelekwa mzima.

Mimi nikapewa kazi ya kuuandikia mkahawa barua. Nikaiandika pale pale, nikasoma: "Tunasikitika kuwajulisha kwamba chakula hakikuridhisha."

SHEFU: Futa. Mpishi atafanya nini na "hakikuridhisha"? Andika supu haikuwa na chumvi. Andika kuku aliwekwa motoni mapema, akakaa saa nzima chini ya kifuniko. Andika ugali usikatwe. Andika machungwa yako Emali. Hayo anaweza kuyafanya kesho asubuhi. Na mwandikie jikoni, usiandikie Nairobi.

Nikafuta, nikaandika upya kama alivyosema. Barua ikawa ndefu kuliko ya kwanza.

Wakati huo sinia ya gurusa ilikuwa imebaki mafuta tu. Bibi akakusanya vyombo, akasimama mlangoni.

BIBI: Na changu kilikuwaje?

SOTE: Kitamu sana, Bibi! Asante!

Akatutazama mmoja mmoja. Hakuondoka. Fundi akajikuna shingo, akaangalia sakafu, akamwangalia Mama Chapo, kisha akasafisha koo.

FUNDI: Bibi... mchuzi ulizidi chumvi. Kidogo.

BIBI: Nilikuwa najiuliza mbona jagi la tatu la maji limekwisha.